Pedali ya kinanda imegeuka? Usikimbilie dukani

Leo naweka siasa pembeni. Nimeona niandike jambo lililotaka kumponza dogo mmoja wa kwaya yetu, maana vinanda vya zamani vimejaa makanisani na kwenye bendi za mtaani, na wapigaji wengi ni vijana kama nyie.

Jumapili moja umeme ulikatika katikati ya wimbo. Uliporudi, dogo akaendelea kupiga, lakini sauti zote zikawa zinavuma na kuchanganyikana. Akikanyaga pedali ya sasteni zinakatika, akiachia zinavuma. Yaani kinyume kabisa.

"Mwalimu, ni pedali hii."

"Pedali imekuwaje kijana? Mpishe mwenzio."

Jumamosi kwenye mazoezi pedali ikawa poa. Hapo ndipo dogo akazidi kuonekana hajui kazi, na kiti kikaanza kutafutiwa mtu mwingine. Nikaomba nikague. Nikazima kinanda, nikakanyaga pedali, nikawasha huku nimekanyaga. Ile ile vurugu ya Jumapili! Kumbe umeme uliporudi mguu wa dogo ulikuwa bado uko juu ya pedali.

Sababu ni hii. Pedali ya sasteni ni swichi tu, na zipo za aina mbili. Kuna ambazo saketi imefungwa mguu ukiwa haupo, ukikanyaga inafunguka. Yamaha FC5 ni ya namna hiyo. Nyingine ni kinyume chake, kama Casio SP-3. Vinanda vingi (si vyote) huikagua pedali mara tu vinapowashwa, na hali vinayoikuta vinaichukua kuwa ndiyo "mguu haupo". Ukiwa umekanyaga, umekidanganya, na kitabaki hivyo mpaka ukizime.

Basi pedali ikisumbua, fuata mpangilio huu kabla hujatoa hela:

1. Zima kinanda. Chomeka pedali, ondoa mguu, ndipo uwashe.

2. Bado iko kinyume? Huenda pedali ni ya aina isiyolingana na kinanda. Pedali nyingine zina kiswichi kidogo chini au ubavuni cha kugeuza, na baadhi ya vinanda vinageuza kwenye menyu.

3. Chomoa pedali kabisa, uchague sauti ya piano. Kama bado inavuma, tazama kitufe cha sasteni kwenye kinanda chenyewe. Vingi vinacho, na watoto hupenda kukibonyeza.

4. Haifanyi kitu kabisa? Hakikisha umechomeka tundu lenyewe. Plagi ya milimita 6.35 inaingia hata kwenye tundu la hedifoni au la pedali ya kuongeza sauti. Na kama ukikanyaga ngoma zinaanza au kusimama, pedali ni nzima, ila imepangiwa kazi nyingine. Ibadilishe kwenye menyu.

5. Pima kwa multimita, ile sehemu inayolia. Sindano moja kwenye ncha ya plagi, nyingine kwenye shina lake. Hali lazima ibadilike kila unapokanyaga na kuachia. Tikisa waya karibu na plagi. Mlio ukikatikakatika, waya umekatika ndani. Kama haubadiliki kamwe, na waya hauna kasoro, fungua pedali usafishe vumbi na kutu kwenye vile vibati vinavyogusana, kwa pamba na spiriti kidogo. Iache ikauke.

6. Pedali imepona kwenye kipimo lakini kinanda hakisikii? Shuku tundu. Watu wakijikwaa kwenye waya kila wiki, lehemu inayoshika tundu hupasuka. Hiyo mpelekee fundi redio, ni kazi ndogo. Usikubali kuambiwa kinanda kimekufa.

Kitu kingine: ukikanyaga muda mrefu huku unapiga noti nyingi, noti za mwanzo zinaweza kupotea zenyewe. Usilaumu pedali. Vinanda vingi vya zamani vinaweza kutoa noti 16 au 32 tu kwa mpigo, ikizidi hapo vinaacha za nyuma.

Kwetu, mhazini alikuwa ameshatenga hela ya pedali mpya. Ikarudi kwenye mfuko. Mwalimu hakutamka samahani, watu wazima mnawajua, ila Jumapili iliyofuata alimwita dogo kwa jina na kumsogezea kiti mwenyewe. Umeme ukakatika tena! Dogo akanyanyua mguu juu, kwaya nzima ikacheka.

Mwenye kinanda chenye vituko vingine aandike hapo chini, tusaidiane. Naomba kuwasilisha.