Mgonjwa wa Serikali, Kitanda cha Kanisa

Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti hospitali binafsi, na kutibu watu kwa ajili ya faida kukapigwa marufuku Tanzania. Waziri wa Afya wakati ule alikuwa Dk. Leader Stirling. Mwingereza kwa kuzaliwa, mpasuaji kwa taaluma, alifika Tanganyika mwaka 1935 na misheni ya Kianglikana ya UMCA, akafanya kazi Lulindi, upande wa Masasi, ambako pamoja na kupasua alianza kuwafundisha uuguzi vijana wa huko huko. Baadaye akaingia TANU, akawa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 akaishika wizara. Serikali ya Ujamaa iliyoifungia milango biashara ya tiba ilikuwa imemkabidhi wizara mtu aliyelelewa kikazi na hospitali za misheni.

Hilo halikuwa ajali. Sheria ya 1977 iliacha mlango mmoja wazi: mashirika ya dini na mengine yaliyoidhinishwa, yasiyotafuta faida, yaliruhusiwa kuendelea. Na kupitia mlango huo, katika miaka ile ile, serikali ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa wake yenyewe. Palipokuwa na wilaya isiyo na hospitali ya serikali lakini ina ya kanisa, ile ya kanisa ilitangazwa kuwa hospitali ya wilaya. Ikaitwa hospitali teule. Mali ikabaki ya dayosisi, mgonjwa akawa wa serikali.

Siku hizi, mtu akizungumzia kuwapeleka wagonjwa wa umma kwa watoa huduma binafsi, hudhaniwa ni fikra ya juzi, iliyokuja na soko huria na bima. Kwa Tanzania ni mpango wa tangu enzi za Azimio la Arusha. Tena ukiufuatilia kwa karibu utaona kwamba nyaraka zilizosainiwa kwa mbwembwe zinaeleza machache kuliko jambo moja dogo la kiofisi: mshahara wa muuguzi unatoka wapi.

Ramani ndiyo iliyoanzisha yote. Wakoloni walijenga hospitali zao pale palipokuwa na boma, askari na wafanyakazi. Wamisionari walijenga pale walipopata waumini. Wabenediktini walikuwa Peramiho na Ndanda, Walutheri wakawa Machame na Bumbuli, Wakatoliki wakajenga Rubya kule Kagera na Wakapuchini wa Uswisi wakaweka makazi Ifakara. UMCA ilikuwa Magila, karibu na Muheza. Mtawanyiko wa hospitali hizi haukufuata mahitaji ya wagonjwa. Ulifuata historia ya dini. Ndiyo maana hadi leo kuna maeneo yenye hospitali tatu za makanisa zinazokaribiana, na mengine ambako mjamzito husafirishwa nusu siku.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Mwalimu Nyerere hakuchoka kukumbusha kwamba nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1963. Katika hali hiyo aliletwa Richard Titmuss, msomi wa sera za jamii kutoka Uingereza, pamoja na wenzake. Ripoti yao juu ya huduma za afya Tanganyika ilitoka mwaka 1964. Ilisisitiza vituo vya afya vijijini na kinga kabla ya tiba, na ilikubali kwamba hospitali za misheni hazingewekwa kando. Zilishika sehemu kubwa mno ya vitanda vya nchi, zisingeweza kuachwa zijiendee zenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo wanahistoria wa elimu hulijua vizuri kuliko wa afya. Shule za misheni zilitaifishwa, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969. Hospitali, kwa jumla, hazikuguswa. Kwa nini? Nadhani jibu lilikuwa la kihesabu kuliko la kiitikadi. Shule ukiitwaa unabaki na madarasa, walimu na wanafunzi, na kesho yake kengele inagongwa. Hospitali ya misheni ukiitwaa, daktari Mholanzi au Mjerumani anarudi kwao, makasha ya dawa kutoka kwa wafadhili wa kanisa yanakatika, na unabaki na majengo yenye harufu ya dawa ya kuua vijidudu.

Serikali ilijaribu, na kwa hospitali kubwa. Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima cha Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1972 ikataifishwa. Miaka 13 baadaye, mwaka 1985, ilirudishwa kwa maaskofu kwa makubaliano maalumu: kanisa liendeshe, serikali ilipe mishahara na iendelee kuitumia kama hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mpaka leo mgonjwa anayetoka Geita, Mara au Kagera na barua ya rufaa mkononi anapelekwa kwenye nyumba ya maaskofu, na wengi hawaoni kuna la ajabu.

Wilayani mambo yalikwenda kimya zaidi. Biharamulo, Sengerema, Nyakahanga kule Karagwe, Rubya, Ifakara, Tosamaganga nje kidogo ya Iringa, Muheza: orodha ilikua. Mfumo wenyewe ulikuwa hivi. Hospitali ikiwa teule, serikali ilibeba gharama za uendeshaji, hasa mishahara, na kuwaazima watumishi wake wakafanye kazi humo. Hospitali ya kanisa isiyo teule ilipata kidogo: ruzuku iliyokokotolewa kwa idadi ya vitanda. Kwa upande wake hospitali teule ilitakiwa kumtoza mgonjwa kama inavyotoza hospitali ya serikali, kusimamia zahanati na vituo vya afya vinavyoizunguka, na kupokea rufaa zake. Dayosisi ilibaki na majengo, na kwa kawaida ndiyo iliyomteua mganga mfawidhi.

Kwa maandishi, ni mpango safi. Wodini ulizaa kitu kingine. Wauguzi wawili wanasukuma kitanda kimoja. Mmoja yupo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, mwenzake yupo kwenye ya kanisa. Wa serikali ana uhakika wa pensheni na wa kupandishwa daraja. Wa kanisa anasubiri fedha za ruzuku zilizochelewa, au msaada kutoka parokia fulani ya Ulaya ambayo padre wake amestaafu. Akikosea wa serikali, nani amwonye? Mganga mfawidhi yupo pale lakini hakumwajiri. Mganga Mkuu wa Wilaya amepewa dhamana naye lakini ofisi yake ipo kilomita kadhaa, kwenye halmashauri. Ugomvi mwingi wa hospitali teule ambao ulifika magazetini kama mvutano wa kanisa na serikali ulianzia hapo, kwenye ratiba ya zamu za usiku.

Muheza inastahili tusimame kidogo. Hospitali ya Mtakatifu Agostino ni ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana, katika wilaya yenye Waislamu wengi. Kwa miongo mingi imehudumia watoto waliopelekwa na mama wasio waumini wake, wakiwa wamedhoofishwa na malaria ya ukanda ule wa joto na unyevu chini ya milima ya Usambara. Kwa kuwa watoto wa wilaya nzima walifika pale, watafiti nao walifika. Utafiti mkubwa uliolinganisha sindano ya atesuneti na kwinini kwa watoto wenye malaria kali, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, na Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Vifo vilipungua kwa asilimia 22.5 miongoni mwa waliopewa atesuneti. Kwinini, iliyokuwa imetegemewa kwa vizazi, ikapoteza nafasi ya kwanza katika kutibu malaria kali ya watoto Afrika. Ifakara ilikuwa na bahati kama hiyo mapema zaidi: Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara yake pale katika miaka ya 1950, ubavuni mwa hospitali ya Wakapuchini, na kutoka humo ikakua Taasisi ya Afya Ifakara. Wanaosema mkataba na watu binafsi hauwezi kuinufaisha sayansi ya umma waanzie hapo.

Lakini mwenye nyumba ana masharti yake. Hospitali za Kikatoliki, hata zikiwa teule, hazikutoa vidonge na sindano za uzazi wa mpango, kwa kuwa mafundisho ya kanisa hayaruhusu. Mama aliyejifungua mtoto wa sita katika hospitali ya wilaya yake, inayoendeshwa kwa fedha za kodi, aliagizwa kwenda kutafuta huduma hiyo kwingine, kwenye zahanati ya serikali iliyo karibu, kama ipo. Sijawahi kuona jambo hili likijadiliwa kwa uzito unaostahili. Serikali iliponunua tiba ilinunua na dhamiri ya muuzaji, na hakuna aliyemuuliza mama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yalibadilika kwa kasi. Mwaka 1991 marufuku ya 1977 iliondolewa, na hospitali za faida zikachipua, hasa Dar es Salaam. Hata kabla ya hapo watu walikuwa wameshaanza kupapasa njia: Profesa Hubert Kairuki alianzisha hospitali yake Mikocheni mwaka 1987, nayo ikaitwa Mission Mikocheni, katika miaka ambayo sheria ilizitambua hospitali za kidini na za hisani tu. Mwaka 1993 hospitali za serikali zenyewe zikaanza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipa sehemu ya gharama. Tofauti ya zamani, kwamba kwa serikali ni bure na kwa misheni unalipa, ikafifia.

Katikati ya hayo, mwaka 1992, serikali na makanisa zilitiliana saini hati ya maelewano kuhusu elimu na afya, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, ikaundwa kusimamia upande wa makanisa. Kwa maaskofu hati hiyo ilikuwa kinga: hakutakuwa na Bugando nyingine. Kwa Waislamu wengi ilikuwa ushahidi kwamba serikali isiyo na dini imejifunga na dini moja, na jumuiya kadhaa za Kiislamu zimeendelea kutaka ifutwe. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Ni kweli kwamba fedha ilifuata vitanda, na vitanda vilikuwa vya makanisa. Ni kweli vilevile kwamba vitanda hivyo vilikuwa pale kwa sababu mkoloni aliwapa wamisionari nafasi ambayo hakuwapa masheikh.

Kisha likaja pigo ambalo halikusainiwa na mtu. Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilipandisha mishahara ya sekta ya afya na kuanza kuajiri kwa wingi. Mwaka 2007 ikazindua Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Nani angezijaza? Wauguzi na matabibu wa hospitali za makanisa walitazama hundi zao, wakatazama za wenzao, wakaandika barua za kuacha kazi. Vyuo vya uuguzi vya misheni vikawa vinasomesha watumishi wa halmashauri. Karibu na wakati huo ukatolewa mfano mpya wa mkataba wa huduma, ambao halmashauri zingesaini na hospitali za makanisa ili kulipia matibabu ya wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee, makundi ambayo sera inayasamehe malipo. Msamaha ulitangazwa na serikali. Aliyeubeba kwanza ni duka la dawa la hospitali, likisubiri halmashauri ilipe. Pale halmashauri ilipolipa kwa wakati, mkataba ulifanya kazi. Pale ilipochelewa, mjamzito aliambiwa akanunue glavu.

Mnunuzi mwingine alikuwa ameshaingia sokoni. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, ulimpa mwanachama kadi na kumwambia achague: serikali, kanisa au hospitali binafsi. Ulikuwa mkataba wa namna nyingine kabisa, wa kulipia huduma moja moja kwa bei iliyopangwa. Ugomvi wake nao ulikuwa wa namna nyingine. Tarehe 1 Machi 2024 kitita kipya cha bei kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilitangaza kusitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo, zikisema bei mpya hazilipi gharama. Wagonjwa wenye kadi halali walikuta madirisha yamefungwa. Hospitali teule ya mwaka 1975 isingeweza kufanya hivyo hata ingetaka. Sehemu ya wafanyakazi wake walikuwa watumishi wa serikali.

Na sasa serikali ina majengo yake. Kuanzia mwaka wa fedha 2018/19 ilijenga hospitali 67 za halmashauri kwa mkupuo, ikitenga shilingi bilioni 1.5 kwa kila moja kwa kuanzia, na nyingine zimefuata. Katika wilaya iliyojengewa, sababu ya mwanzo ya kuwa na hospitali teule imekwisha: wilaya haina tena upungufu wa hospitali ya umma. Ina upungufu wa watu wa kuiendesha. Mkurugenzi wa halmashauri anapotazama orodha yake ya watumishi anakuta majina ya wauguzi, wateknolojia wa maabara na madaktari anaowalipa kila mwezi, wakiwa kazini katika hospitali ya kanisa upande wa pili wa mji. Kuwahamisha kunahitaji barua moja tu. Upande wa kanisa, askofu anahesabu wodi ambazo zitafungwa siku barua hiyo ikifika, na wazee wa baraza wanapiga hesabu ya ada mpya ambazo watu wa wilaya, waliozoea kutozwa bei ya serikali kwa miaka 50, watalazimika kulipa.