Tuta la Kibera

Wengi hudhani kwamba historia hukaa vitabuni tu, au katika magofu ya mawe kama yale ya Gedi na Kilwa. Lakini udongo nao una kumbukumbu zake. Huko Uingereza, katika karne za kati, watawa walichimba mabwawa ya kufugia samaki, maana siku za mfungo hawakula nyama. Maji yalikauka zamani, lakini matuta na mashimo yangali yaonekana majanini, na ajuaye kusoma ardhi huyatambua mara moja.

Nairobi haina mabwawa ya watawa, lakini inalo tuta lake la kusomwa. Ukiwa wakaa Kawangware, waweza kulifikia kwa miguu. Elekea kusini-mashariki, uivuke Kibera, uteremke mpaka bonde la mto Motoine. Hapo, mwaka 1953, mto ulizibwa ili pawe na akiba ya maji ya mji, na pakaitwa Bwawa la Nairobi. Siku za neema yake, watu waliendesha mashua za tanga humo na kuvua samaki.

Je, ni nani waliokaa ukingoni? Walikuwako Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, walioruhusiwa kukaa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 mahali hapo, zaidi ya ekari 4,000, palitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Lakini ruhusa si hati. Asiye na hati huhesabiwa mpangaji wa leo tu, wala hapana atakayemchimbia mfereji wa kesho. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wa makabila mengi walizidi kuja na nyumba zikasongamana, lakini mabomba na mifereji ya maji machafu havikuwafuata. Taka zikashika njia ya pekee zilizoachiwa: kuteremka na mvua mpaka bwawani. Kufikia mwisho wa karne ile, bwawa lilikuwa limejaa tope na kufunikwa na magugu maji.

Mpita njia husema kwamba wakazi ndio walioliua bwawa. Wewe usifanye haraka kuhukumu. Mji ulijiwekea akiba ya maji chini ya watu ambao wenyewe haukuwapa maji, na tope lile ni hesabu ya deni hilo, iliyoandikwa tabaka juu ya tabaka.

Mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288. Linganisha tarakimu hiyo na ile ya mwaka 1918, kisha usimame juu ya tuta na kutazama pande zote mbili. Hapo utajua kwamba mahali paitwapo pasipo historia ni mahali ambapo hatujajifunza kusoma.