NAPLEX: Mtihani unaovigharimu vyuo vya famasi Marekani
SHAHADA pekee haimpi mhitimu wa famasi nchini Marekani kibali cha kufanya kazi. Sharti afaulu mtihani wa leseni, NAPLEX, unaosimamiwa na chama cha kitaifa cha bodi za famasi, NABP.

Matokeo ya kila chuo hutangazwa hadharani. Waliofaulu mara ya kwanza walizidi asilimia 90 mwaka 2014, lakini mwaka 2023 hawakufikia asilimia 80.

Kwa sababu hiyo, vyuo vingi hugharimia kozi za marudio na mitihani ya majaribio, ili wanafunzi dhaifu wabainike mapema.

Anayefeli husubiri siku 45 kabla ya kurudia, na kwa kawaida nafasi zake ni tano tu. Chuo chenye matokeo duni nacho hutakiwa kujieleza kwa ACPE, taasisi inayotoa ithibati.