Kikombe cha Bibi wa Ujerumani na Swali la "Ulizaliwa Wapi?"

Jamani, leo nawaletea historia iliyoanzia kwenye kikombe cha bia. Msiokunywa msiondoke, kikombe chenyewe kina zaidi ya miaka 100 na siku hizi ni pambo tu la kabatini.

Dada yangu, mtoto wa shangazi, alipata makazi Ujerumani na sasa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna bibi mmoja pale ambaye macho yake hayaoni tena. Kabatini mwake ana kikombe kikubwa cha kaure chenye mfuniko wa bati, kimechorwa askari na kuandikwa pande zote. Ukikiinua kwenye mwanga na kuchungulia ndani, chini kabisa inatokea picha ya askari akiagana na msichana. Kilikuwa cha babu yake. Bibi alimwomba dada amsomee maandishi. Dada Kijerumani anakijua vizuri, ila herufi zile zilimshinda. Akapiga picha akatutumia huku kambini: "Nyie mnaopenda historia, hebu nisaidieni."

Tulianza na programu ya simu ya kutafsiri. Ikatuletea "Refervift" na "Dienftzeit", maneno ambayo hayapo duniani. Tukahangaika jioni nzima. Kumbe shida ilikuwa aina ya herufi inayoitwa Fraktur, ambayo Wajerumani waliitumia kwenye vitabu na magazeti kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1941 serikali ya Wanazi yenyewe ilipoamuru iachwe. Katika Fraktur, herufi s ikiwa mwanzoni au katikati ya neno mara nyingi huandikwa ndefu, na inafanana sana na f. Tofauti ni ndogo: kamstari ka f kanakata pande zote mbili, ka s kanabaki upande wa kushoto tu. Tulipozigeuza zile f kuwa s, Refervift ikawa Reservist na Dienftzeit ikawa Dienstzeit. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Maandishi ya juu yalikuwa haya: "Zur Erinnerung an meine Dienstzeit." Maana yake ni "Kwa ukumbusho wa muda wangu wa utumishi." Dienst ni utumishi, Zeit ni wakati. Wajerumani wanaunganisha maneno yakawa moja, kama sisi tunavyobeba sentensi nzima ndani ya "nitakuandikia". Chini yake kulikuwa na "Res.", yaani mwanajeshi wa akiba, halafu jina la babu, ambalo silitaji. Kisha: "5. Komp. Inf. Regt. 98, Metz 1910–12." Hiyo ni kompani ya 5, rejimenti ya 98 ya askari wa miguu, mji wa Metz. Pembeni ilipangwa orodha ya majina ya wenzake.

Vikombe hivi vilikuwa desturi wakati wa Kaisari. Kijana akiitwa jeshini alitumikia miaka 2 kwenye askari wa miguu, au miaka 3 akiwa wa farasi. Akimaliza anaingia kwenye akiba na kurudi kwao. Kikombe hakikutolewa na serikali. Kijana alikiagiza na kukilipia mwenyewe, kiandikwe jina lake, kikosi chake, mji na miaka. Baadaye vimeigwa sana kwa ajili ya watalii, kwa hiyo si kila unachokiona ni cha kweli. Hiki hakijawahi kutoka mikononi mwa familia.

Sasa sikilizeni. Dada alipomsomea bibi neno "Metz", bibi alishika mkono wake. Akasema babu alikuwa akisimulia kwamba kabla ya vita alikuwa askari huko Ufaransa, na wajukuu walimcheka. Askari wa Kaisari atakaaje Ufaransa wakati wa amani? Wakaona mzee anachanganya mambo. Lakini angalieni mwaka. Metz leo iko Ufaransa, ni kweli. Ila Ujerumani iliuchukua mji huo mwaka 1871 baada ya kuishinda Ufaransa, na ukabaki mikononi mwake hadi 1918. Kati ya 1910 na 1912 ilikuwa ngome kubwa ya jeshi la Ujerumani. Mzee hakuchanganya kitu. Mpaka ndio uliohama.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee mmoja wa hapa kwetu. Kwenye mahojiano aliulizwa alizaliwa wapi, akasema Elisabethville. Alikulia wapi? Lubumbashi. Nchi gani? Zaire. Ametoka nchi gani? Kongo. Aliyekuwa anaandika akaona majibu hayalingani, na faili la mzee likakaa miezi. Lakini Elisabethville ndiyo Lubumbashi, jina lilibadilishwa mwaka 1966. Zaire ndiyo Kongo, kuanzia 1971 hadi 1997. Ni mji mmoja na nchi moja. Hata ndugu zetu Warundi wana wazee waliozaliwa Usumbura, ambayo tangu 1962 inaitwa Bujumbura, kwenye nchi ambayo ramani za wakati ule ziliiita Ruanda-Urundi.

Kwa hiyo nyinyi mnaotuhudumia na kuandika maelezo yetu, naomba jambo moja. Mzee akitaja mahali ambapo hampaoni kwenye ramani, kabla ya kuandika kwamba anajipinga, muulizeni: ilikuwa mwaka gani?

Na sisi vijana, tukae na wazee wetu tuandike. Jina, mahali kama palivyoitwa wakati ule, na mwaka. Yule kijana wa Metz aliandika vitu hivyo vitatu tu, na miaka 100 baadaye vimemtetea mbele ya wajukuu zake.