Insafu na Msumeno wa Sheria

Wahenga walisema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini msumeno usio na jicho la fundi huharibu hata mbao njema. Jicho hilo, katika mambo ya hukumu, ndiyo insafu.

Huko Uingereza, mtu aliyenyimwa haki kwa ugumu wa sheria alimwendea Chansela wa Mfalme, naye aliamua kwa dhamiri. Mahakama yake iliunganishwa na mahakama nyingine kwa sheria za 1873 na 1875.

Waingereza, walioitawala Sudan pamoja na Misri tangu 1899, waliiingiza kanuni hiyo nchini. Sheria ya mashauri ya madai ya 1900, na ile ya 1929 iliyoifuata, ziliagiza kwamba pasipo sheria mahususi hakimu aamue kwa haki, insafu na dhamiri njema. Upande wa kusini, Sheria ya Mahakama za Machifu ya 1931 iliwaruhusu machifu kuhukumu kwa mila, mradi mila hiyo isipingane na haki, maadili wala utulivu. Hata hivyo, aliyeshika mizani ya mwisho alikuwa mkoloni.

Juba, mji uliokua katika ardhi ya Wabari, leo ni makao makuu ya taifa lililopata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 ilizitambua mahakama za mila, yakiwemo mabaraza ya mjini. Kesi ya jinai haisikilizwi humo ila ihusu mila na iletwe na mahakama ya serikali. Mzee wa baraza haulizi tu nani amekosa. Huuliza pia majirani hao wataishije kesho.

Lakini upatanisho nao una mipaka. Katika baadhi ya jamii, binti alitolewa kuwa fidia ya damu. Damu ilinyamaza, na aliyelipa ni mtoto asiyeua. Katiba ya 2011 inampa mwanamke heshima na haki sawa na mwanamume. Amani ya namna hiyo si insafu.

Baraza halina bunduki. Askari anayeingia humo akiwa mdaiwa na aketi kama mdaiwa, na polisi alinde hukumu bila kumtazama mtu usoni. Bunduki ikiingia katika mizani, insafu hutoka.