Uchunguzi wa Virusi vya Viazi Mviringo katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Virusi vya viazi mviringo huhama kutoka msimu mmoja hadi mwingine hasa ndani ya mbegu. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki huuza viazi vikubwa na kubakiza vidogo kwa ajili ya kupanda. Shina lenye virusi ndilo huzaa vidogo vingi, hivyo desturi hiyo huchagua ugonjwa bila mkulima kujua. Kwa sababu hiyo, uchunguzi katika nyanda za juu za Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang hauna budi kuanza kwa kuuliza mbegu ilitoka wapi na imerudiwa misimu mingapi.

Ripoti ya kwanza ya kitaalamu kuhusu virusi vya viazi nchini Tanzania ilichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Plant Disease. Virusi vya viazi vinavyohofiwa zaidi duniani ni PVY, ambavyo huleta batobato na majani kukunjamana, na PLRV, yaani virusi vya kukunja majani. Virusi vingine, PVX na PVS, huambukiza kwa mgusano wa mimea, nguo na zana, na mara nyingi havioneshi dalili yoyote.

Hapo ndipo macho yanaposhindwa. Jani la njano laweza kuwa limekosa naitrojeni. Jani lililojikunja laweza kuwa na kiu. PLRV iliyotokana na mbegu huanzia majani ya chini, nayo hukakamaa na kuchakarika yakiguswa. Maambukizi mapya huonekana kwanza kileleni. Mpimaji anayechuma majani yenye dalili peke yake hupata picha potofu ya ukubwa wa tatizo. Sampuli zichukuliwe kwa kukatiza shamba kwa mshazari, kila baada ya hatua zilizopangwa, liwe shina linaonekana zima au gonjwa. Wakati mzuri ni karibu na kutoa maua, kabla ukungu wa majani haujafunika dalili nyingine.

Maabarani, kipimo cha ELISA hutumia kingamwili zinazonasa protini ya kirusi, na rangi hujitokeza pale kirusi kilipo. Ni nafuu kwa sampuli nyingi. PCR hutambua hata kiasi kidogo cha vinasaba na hutofautisha aina ndogo za PVY, lakini gharama yake ni kubwa. Inafaa kuthibitisha sehemu tu ya sampuli. Majani yakikaushwa vizuri kwa chembe za silika yanaweza kusafirishwa hadi maabara ya Arusha bila barafu, jambo lenye uzito kwa vijiji vilivyo mbali na lami.

Kujua kirusi kwa jina kuna faida ya moja kwa moja. Kidukari, mdudu anayeeneza virusi hivi, huambukiza PVY kwa sekunde chache, kabla dawa ya wadudu haijamuua, ilhali PLRV humhitaji afyonze kwa saa kadhaa, hivyo dawa huweza kusaidia. Vidukari hupungua penye baridi na upepo. Hivyo mitego ya njano ya kuwanasa ikiwekwa katika miinuko tofauti, kuanzia tambarare hadi juu, itaonesha ni maeneo gani yanafaa kuzalishia mbegu. Kwa mkulima asiyeweza kununua mbegu iliyothibitishwa, njia iliyojaribiwa Kenya ni kuwekea vijiti mashina yenye afya kabla ya kuvuna na kupanda viazi vyake pekee. Mavuno huko yaliongezeka kwa takriban theluthi moja.