Utarizi: Sanaa ya sindano inayodai subira na malipo ya haki

UTARIZI ni sanaa ya kupamba kitambaa kwa sindano na nyuzi za rangi. Katika nyumba nyingi za pwani ya Kenya, kuanzia miji ya Malindi na Kilifi hadi vijiji kama vile Jilore, kazi hii huonekana kwenye foronya, shuka, vitambaa vya meza na vile vya kufunika viti.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba, hasa bafta nyeupe. Fundi huchora maua kwa penseli, au huyanakili kwa karatasi ya kaboni, kisha hubana kitambaa kati ya duara mbili za mbao ili kisilegee. Mshono wa mnyororo hutumiwa kuchora vikonyo na wa kujaza hufunika majani, ilhali vifundo vidogo huwa kiini cha ua.

Ustadi wa fundi hupimwa kwa kugeuza kitambaa. Upande wa nyuma wa kazi nzuri ni nadhifu, wala hauna nyuzi ndefu zinazoning'inia. Kwa upande mwingine, kazi ya mashine aghalabu huwa na mishono inayolingana mno na uzi mweupe upande wa chini.

Ustadi wa sindano si jambo geni pwani. Kofia za viua za Lamu, zenye vitundu vingi vidogo vilivyozungushiwa uzi, huweza kumchukua mshonaji miezi kadhaa.

Hata hivyo, warithi wa sanaa hii wamepungua. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulifunza ushonaji katika somo la sayansikimu. Baada ya mtaala kurekebishwa mwaka wa 2002, somo hilo halikutahiniwa tena katika KCPE. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umezipa kazi za mikono nafasi nyingine.

Aidha, kuna suala la bei. Kwa mfano, kitambaa kilichoshonwa kwa saa 30 kikiuzwa Sh1,500, fundi hupata Sh50 kwa saa, kabla ya kutoa gharama ya bafta na nyuzi. Mnunuzi anayelinganisha bei hiyo na ya kiwandani hulinganisha vitambaa tu, akasahau saa hizo. Sanaa isiyomlisha fundi haiwezi kumshawishi bintiye kushika sindano.